Dereva Asiyejulikana

3 Februari

Mdogo wangu Taratibu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa wanakuruhusu kukaa kitandani na kula mwenyewe. Huku hatujambo. Shemeji yako wamemhamishia ofisi isiyo na dirisha, basi kila jioni ni malalamiko mpaka chakula kinapoa. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele na neno "mjomba" sasa linatoka upepo mtupu, lakini analisema hivyo hivyo kila siku: lini tutakwenda kumwona.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unanijibu "ndiyo dada" na "sawa dada", kisha unasema chaji imekwisha. Barua haina chaji.

Unajua kazi yangu ya uwakili. Nusu ya watu wanaokaa kwenye benchi la ofisi yetu ni waendesha pikipiki kama wewe, waliogongwa na magari yakakimbia. Hatuwatozi chochote, ndiyo maana benchi halikauki. Mwezi uliopita nilimsaidia kijana mmoja aliyevunjwa nyonga na lori. Wenzake walikariri namba ya gari, na leo analipwa matibabu na kampuni ya bima ya lori lile. Ningekuwa dada wa namna gani kuwasaidia watoto wa watu na kukuacha wewe?

Nimepiga simu kituo cha polisi huko kwenu. Askari wa usalama barabarani amenisomea maelezo yako. Umeandikisha kwamba hukuona gari, hukuona rangi yake, hukuona mtu. Jalada limeandikwa "dereva asiyejulikana". Mdogo wangu, wewe unaendesha polepole mpaka abiria wamekupa jina. Ilikuwa asubuhi, kumeshapambazuka, na gari lilikujia kwa mbele. Hukuonaje?

Niandikie kila unachokumbuka, hata kama ni kidogo. Msalimie wifi yangu na mama.

Dada yako

*

19 Februari

Dada,

Salamu zako zimefika na zimenikuta nimekaa kweli, ingawa kukaa kwenyewe ni kwa kuegemezwa kama gunia. Mguu wa kulia umefungwa vyuma kwa nje, ukiuona utadhani ni antena. Mwanangu alipouona aliuliza kama unashika mawimbi. Wifi yako anakusalimu. Anashinda hapa mchana, jioni anarudi kuuza maandazi, na sijamsikia akinung'unika, jambo linalonitisha zaidi kuliko angenung'unika.

Mama yupo. Presha yake inapanda na kushuka. Bado anakaa kile chumba cha uani kwa baba mdogo, na wanamtunza.

Baba mdogo naye amenitoa wodi ya pamoja akaniweka chumba cha peke yangu, kwa gharama zake. Huja kila baada ya siku chache na mfuko wa machungwa. Wauguzi wanamsifu. Mmoja aliniambia siku hizi ni nadra kupata baba mdogo wa namna hii, nikamwambia ni kweli, ni nadra.

Hayo ya gari, dada, nimeshawaambia polisi. Sikuona kitu. Ilikuwa asubuhi lakini kulikuwa na ukungu, na ukigongwa hukai ukaangalia. Niombee mguu ushike, hayo mengine tuyaache.

Mpwa wangu mwambie mjomba atakuja yeye, kwa miguu yote miwili.

Taratibu

*

2 Machi

Mdogo wangu,

Tumefurahi kusikia sauti yako hata kwenye karatasi. Mpwa wako ameichukua barua, anadai ni yake, na ameichorea antena pembeni. Huku mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale shemeji yako alipoapa amelipaka lami.

Sasa nisikilize. Naona unaogopa kesi kwa kudhani unakwenda kumnyang'anya mtu nyumba yake. Si hivyo. Gari likiwa na bima, bima ndiyo inayolipa, na kila gari linatakiwa kuwa nayo. Dereva anaweza kulala kwake na kula kwake, ila ataulizwa kwa nini alikimbia. Lakini gari lisipojulikana hakuna bima wala mdaiwa, na wewe utabaki na vyuma vyako. Nimeyaona haya mara nyingi. Wanaokimbia wanategemea kitu kimoja tu, kwamba aliyelala chini hatasema.

Jalada lako polisi wanataka kulifunga. Nimewaomba wasubiri. Pia nimepata namba ya mwenyekiti wa kijiwe chenu nikamwomba aulize wenzako. Alisita kidogo, akasema ataniambia.

Kuna mtu amekutisha? Kama yupo, sema. Mimi ni dada yako kabla ya kuwa wakili.

Dada yako

*

25 Machi

Dada,

Hatujambo. Mguu una usaha kidogo, wanasafisha. Mama anakusalimu.

Nimesikia umempigia mwenyekiti wetu. Nakuomba uache. Nimekuomba kwa simu, nimekuomba kwa barua, sasa nakuomba kwa mara ya mwisho. Wewe uko mbali, unasoma sheria kwenye vitabu na kurudi kwako jioni. Mimi niko hapa na watu wote hawa. Wakifunga jalada, na walifunge.

Mama alikuja jana, akakaa pembeni ya kitanda akalia. Ndiyo maana naandika hivi. Usinikasirikie.

Taratibu

*

11 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina habari za nyumbani.

Mwenyekiti wenu amenipigia. Anasema vijana wawili wa kijiwe, yule mnayemwita Mrefu na yule mwenye kofia ya njano, walitokea kwenye kona ya kiwanda cha mbao wakati gari linaondoka. Kofia ya Njano alibaki na wewe mtaroni akiita watu, maana peke yake hakuweza kukutoa. Mrefu alilifuata gari kwa pikipiki. Lilikuwa pikapu nyeupe, taa ya kushoto imevunjika, na aliliona likiingia kwenye geti la kijani lenye simba wawili wa saruji juu ya nguzo. Anasema wewe mwenyewe uliwaita hospitali ukawaapisha wanyamaze.

Mimi nimelelewa nyuma ya geti hilo. Nimesomea sekondari ndani yake, nikatoka hapo kwenda chuo kikuu, na ada yote ililipwa na mwenye pikapu.

Nataka kusikia kutoka kwako. Usiniambie habari za ukungu.

Dada

*

20 Aprili

Dada,

Salamu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara wifi yako anauliza naandika nini, namwambia nakuandikia wewe.

Nilikuwa nakwenda kumchukua muuguzi mmoja anayemaliza zamu asubuhi, mteja wangu wa siku zote. Kulikuwa kweupe. Ukungu niliuweka mimi. Pikapu ilikuwa inalipita lori la magogo, ikaja upande wangu moja kwa moja. Nilikanyaga breki, nikakwepea pembeni, haikusaidia. Nikajikuta mtaroni, maji machafu mpaka kifuani, na mguu uko mahali ambapo mguu haukai. Lori halikusimama, pengine dereva hakuona.

Pikapu ilisimama, dada. Hilo ndilo sikutaka ulijue. Ilisimama, ikarudi nyuma kidogo, mlango ukafunguka, na baba mdogo akashuka. Alikuwa amevaa ndala. Akaja mpaka ukingoni mwa mtaro, akainama na mikono juu ya magoti kama mtu anayeangalia kisima. Nikamwambia, "Baba mdogo, ni mimi."

Akasema, "Nimeona."

Kisha akarudi kwenye gari. Nilidhani anakwenda kuleta simu au kamba. Niliendelea kudhani hivyo mpaka nikaisikia injini inakwenda mbali.

Mchana ule ule alikuja hospitali na mama. Akasimama mbele ya madaktari, akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Ni nani aliyekufanyia unyama huu, mwanangu?" Alikuwa ananiangalia machoni. Nikasema sikuona. Tangu hapo sijaweza kulirudisha neno hilo.

Mama anajua. Asubuhi ile alilisikia gari likirudi, akafagia vioo vya taa uani kabla mtu hajauliza. Hajawahi kuniambia, wala mimi sijamuuliza. Lakini siku ile alipolia, alisema jambo moja wakati anaondoka: "Mimi sina pengine pa kwenda, baba." Ndiyo sababu. Si kwamba naogopa mahakama.

Umetaka kujua, umejua. Sasa naomba unyamaze kama mimi.

Taratibu

*

30 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini unaendelea vizuri na wifi yangu na mtoto hawajambo. Huku sote wazima. Shemeji yako amepata dirisha. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zilikuwa nyingi.

Nilikuja huko. Nilizungumza na baba mdogo, ana kwa ana, sebuleni kwake. Nilikwenda nikiwa nimejaa maneno, lakini alinipokea vizuri, akanikumbusha mambo mengi, na tukaongea kama watu wazima. Alishtuka siku ile, Taratibu. Anasema akili ilimruka. Pikapu haikuwa na bima, muda wake ulikuwa umepita naye hakuwa amekata nyingine, kwa hiyo kila kitu kingemwangukia yeye: duka la vifaa vya ujenzi, nyumba na chumba cha mama pia. Na kukimbia baada ya kugonga ni kosa la jinai, anaweza kufungwa. Ana umri wake.

Yuko tayari kukusaidia. Atakupa kazi ya kusimamia stoo ya saruji, kazi ya kukaa kwenye kiti, na ataendelea kulipa hospitali. Ameniomba tuyamalize kifamilia, na mimi kwa kuangalia pande zote naona ni njia yenye busara. Wewe mwenyewe ulitaka tunyamaze. Kesi kama hizi huchukua muda mrefu, shahidi hubadilika, na maelezo yako ya polisi yanakupinga.

Sikuwahi kupita hospitali kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Ilinisikitisha sana.

Dada yako akupendaye

*

14 Juni

Dada,

Wameukata. Juu ya goti, kwa hiyo usinitumie tena salamu za kupona. Daktari alisema uchafu wa mtaro uliingia kwenye mfupa, na kwamba jeraha lilikaa majini muda mrefu kabla sijatolewa. Nikamuuliza kama ningetolewa mapema ingekuwaje. Akasema hawezi kuapa, lakini anadhani ningekuwa na mguu. Alikuwa anaandika huku anasema, hakuniangalia.

Siku uliyokuja, wifi yako alikuwa stendi, amekwenda duka la dawa lililo pale kuninunulia sindano. Alikuona unangoja basi. Ulikuwa na mfuko wa machungwa. Alitaka kukuita, kisha akaona basi lenyewe halijafika, abiria bado wamekaa na wewe umekaa pamoja nao, basi akaacha. Hakuniambia mpaka barua yako ilipofika. Tulipoisoma pamoja ile habari ya basi kuondoka, ndipo akaniambia.

Nilinyamaza kwa ajili ya mama. Niliona ni mzigo wangu na ninaweza kuubeba. Lakini nilikuwa nabeba nikijua yupo mtu mmoja duniani anayetaka nisibebe, naye ni wewe. Ulinisukuma miezi yote ile, nikakukasirikia, na ndani nikafurahi. Umeketi sebuleni kwake mara moja tu, sasa ni wewe unayeniambia stoo ya saruji.

Sitaki stoo. Nimewaita polisi nimebadilisha maelezo yangu. Askari alinicheka kidogo, kisha akaandika. Mrefu amekubali kusema alichokiona, na Kofia ya Njano pia.

Sasa nakuuliza kama ninyi mnavyouliza watu. Utakuwa wakili wangu, utakuwa shahidi wangu, au utakuwa upande wao? Maana mwezi wa nne, nikiwa bado na mguu, nilikuambia wewe peke yako kila kitu. Watasema nimebuni baada ya kukatwa ili nipate fidia. Wewe ndiye unayejua sikubuni, na barua ile unayo wewe.

Taratibu

*

28 Juni

Mdogo wangu,

Pole. Nimeisoma barua yako ofisini, nikatoka nje.

Siwezi kuwa wakili wako. Maadili ya kazi yetu hayaruhusu mtu asimamie kesi yenye ndugu pande zote mbili, na hata yangeruhusu, nisingeweza kusimama mbele ya mtu aliyenisomesha nikamwita mshtakiwa. Nimelikabidhi jalada lako kwa mwenzangu wa ofisini, mzee mmoja ambaye sote tunamwita Miwani. Ni mzuri kuliko mimi. Hatakutoza kitu.

Hilo la ushahidi, nipe muda.

Huku hatujambo.

Dada

*

9 Desemba

Dada,

Salamu kutoka kwetu sote. Mtoto ameanza shule na amekwisha pigana. Wifi yako ameongeza chapati kwenye maandazi. Mimi natembelea magongo, na kwapa zimeota sugu kama visigino. Barua yako ya mwezi wa nane ilifika. Unauliza kama bado sisi ni ndugu. Nakuandikia ili usikie kutoka kwangu jinsi ilivyokwisha, si kutoka kwa mama.

Miwani alikuja na begi lililofungwa kamba, akalala kwetu sebuleni kwenye mkeka, akakataa kitanda. Alifanya kazi. Alimpata fundi wa bodi aliyebadilisha taa ya pikapu wiki ile ile, fundi akaja na taa iliyovunjika, alikuwa ameihifadhi kuuza vipuri vyake. Kofia ya Njano alisema alichokiona bila kupepesa. Mrefu hakuja. Siku ya kusikilizwa tulimwona nje ya mahakama anafuta vioo vya pikapu nyeupe. Baba mdogo amemwajiri udereva. Tulipokutana macho aliendelea kufuta pale pale palipokwisha takata.

Wakili wao aliniuliza asubuhi nzima kwa nini niliwaambia polisi sikuona. Kwa nini mdomo ulifunguka baada ya mguu kukatwa. Nilimwambia nilishamwambia dada yangu mwezi wa nne. Akauliza, "Dada yako yuko wapi?" Hakimu naye akanyanyua kichwa kuangalia. Miwani akasema ulipewa taarifa ya kuja na kwamba umejibu una safari ya kikazi. Wakili wao akasema, "Naona," akakaa. Mama alikuwa amekaa benchi la upande wa baba mdogo, na shali amejifunika mpaka puani.

Hukumu zote mbili zimetoka wiki iliyopita. Tumeshinda, kama huko ndiko kushinda. Kwenye jinai ametozwa faini na kunyang'anywa leseni, basi sasa anamhitaji Mrefu kweli. Kwenye madai ameamriwa anilipe yeye mwenyewe, kwa vile bima haikuwepo. Duka tayari limekwisha andikwa jina la mkewe. Miwani anasema tutafuatilia, itachukua muda, nisikate tamaa. Anasema hivyo huku anafunga begi lake kamba.

Tulipotoka mahakamani mvua ilianza. Baba mdogo alikwisha ondoka, na mama alibaki amesimama kwenye ngazi peke yake. Mwenyekiti wetu alikuwa na bajaji, nikamwomba tumchukue. Tulikaa naye nyuma, magongo katikati yetu. Tulipopita shimo alishika kisiki cha mguu wangu kwa mkono wake kisitikisike, na tulipotoka kwenye shimo akautoa mkono. Nilimwambia aje akae kwetu, nafasi itapatikana. Alitikisa kichwa. Tukamshusha kwenye geti la kijani.

Kuna jambo nilitaka nisiliandike. Siku ile niliyotoa ushahidi, tulipopumzika mchana, nilikaa kwa mama mmoja anayeuza chai ng'ambo ya mahakama. Alikuwa na redio, na ndani ya redio mlikuwa na sauti yako. Ilikuwa semina, wanaitangaza moja kwa moja, ya haki za waendesha pikipiki waliogongwa na kutelekezwa. Ulieleza vizuri, taratibu, mtu wa kawaida anaelewa. Ukasema cha kwanza kabisa ni shahidi, mumtafute, mumshike, kwa sababu bila shahidi kesi inaweza kufa hata ikiwa ya kweli.

Mama wa chai akaongeza sauti. Akaniambia, "Huyu wakili anaijua kazi yake. Ungempata huyu."

Nikamwambia ndiyo, anaijua. Nikanywa chai yangu, nikarudi ndani.

Taratibu